Tochi ya funguo inafifia mapema: nibadilishe betri, taa, au tochi yenyewe?

*"Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda, naishi Mikindani na kijiwe changu kipo Mtwara mjini. Nilinunua tochi ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, ile ya kubana kwa kidole. Siku tatu za kwanza iliwaka vikali mno, baada ya wiki mbili ikafifia kabisa. Nilipoifungua nikakuta betri mbili nyembamba za mviringo zimelaliana. Dukani hazikuwepo, nikapewa moja nene inayojaa palepale, ila mwanga wake ni hafifu tangu siku ya kwanza. Jamaa wa kijiweni anasema betri za dukani zote feki, nichomelee betri ya kitochi changu (simu ya vitufe) kilichokufa, itawaka mwezi mzima. Mwingine anasema nitoe LED nyeupe (kile kijitaa cha ndani) niweke nyekundu, eti haili betri. Nifuate lipi? Nataka tu kuona tundu la kitasa, mnyororo wa pikipiki na chenji ya abiria. Tena inanisaidia hata nyumbani, binti yangu wa mwaka na nusu akilia nampa funguo, anabana taa mwenyewe, ananyamaza."*

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza habari ya mwanga na nitakujibu yote, lakini sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke bisibisi chini nikuandikie leo leo. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachukue hizo funguo mkononi mwa mtoto, uziweke mahali asipofika hata akipanda kiti. Kisha urudi tuongee.

Watu wengi wanadhani hatari ya betri ya mviringo ni mtoto kukabwa, au betri kupasuka tumboni ikamwaga sumu. Hatari kubwa ni nyingine. Betri ile ina upana wa milimita 20, nao unatosha kabisa kuikwamisha kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ikikwama pale, inaguswa na nyama mbichi yenye unyevu pande zote mbili, na umeme unaanza kupita kwenye nyama hiyo. Upande wa hasi, umeme huo unageuza maji ya mwilini kuwa magadi makali yanayounguza. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ndani ya saa mbili tu koo linaweza kuwa limeungua vibaya, na kidonda kinaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa. Na betri iliyochoka, ile ambayo haiwashi tena tochi, bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo.

Niliwahi kuweka moja juu ya kipande cha nyama ya kuku hapa mezani kwangu ili niwaonyeshe vijana ninaowafundisha kazi. Kwanza povu dogo likatoka pembeni. Tulipoinyanyua baadaye, chini yake palikuwa pameiva na kubadilika rangi, na katikati pana weusi, kama nyama iliyoguswa na chuma cha moto. Hakuna aliyecheka mezani.

Sasa itazame tochi yako kwa macho hayo. Tochi nyingi za kubana ni vipande viwili vya plastiki vilivyopachikwa tu. Ikianguka sakafuni mara mbili tatu inaachia, na betri inabingirika chini ya kitanda. Kama kifuniko chake hakina skrubu, hicho si kitu cha kumpa mtoto hata kwa dakika moja.

Ukihisi amemeza, usisubiri dalili. Anaweza kutokwa mate mengi, kukataa chakula, kukohoa, au asionyeshe chochote. Usimtapishe na usimlishe chakula. Washa pikipiki umpeleke hospitali yenye eksirei. Kwa wewe wa Mikindani ni Ligula, mwendo wa kilomita kumi hivi, na aliye Lindi aende Sokoine. Kama asali ipo karibu, mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu alipoimeza, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali inapunguza makali, haitoi betri, na isikuchelewesheni hata kidogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Mkifika, sema neno "betri" mlangoni, maana kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu, na sarafu huweza kusubiri wakati betri haisubiri. Ni vivyo hivyo akiiingiza puani au sikioni: usitie dawa ya matone, mpeleke.

Hilo limekwisha. Turudi kwenye mwanga.

Kwanza, tochi yako si mbovu, na yule mwenye duka huenda hakukuuzia feki. Ulichokiona siku tatu za kwanza hakikuwa mwanga wa kawaida wa tochi ile. Ilikuwa inalazimishwa kupita kiasi chake.

LED nyeupe kwa asili yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu, na bluu yake ikichanganyika na manjano, jicho linaona nyeupe. Ndiyo maana taa nyeupe za aina hii hazikuwepo mpaka LED ya bluu inayong'aa ilipopatikana, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa ajili hiyo LED nyeupe inataka volti zipatazo 3 ndipo iwake vizuri. LED nyekundu inatosheka na kama volti 2. Shika hizo namba mbili, maana maswali yako yote yanazizunguka.

Betri zako mbili nyembamba ni za namba 2016. Namba hiyo ni vipimo tu: 20 ni upana kwa milimita, 16 ni unene wa milimita 1.6. Ile nene uliyopewa ni 2032, upana uleule, unene milimita 3.2. Unaona mtego ulipo? Nyembamba mbili zikilaliana zinalingana kabisa na nene moja. Kwa kipimo zinaingia mlemle, ila kila moja ina volti 3, kwa hiyo mbili zinatoa 6 na nene inatoa 3 peke yake. Mtego huu unauma pande zote mbili. Nimeshapokea rimoti ya geti iliyokufa kwa sababu mwenyewe alikosa 2032 akaweka 2016 mbili, akiona zimeenea vizuri.

Volti 6 kwenye LED inayotaka 3 ilitakiwa iiunguze papo hapo. Haikuungua kwa sababu ya kitu ambacho watengenezaji wa tochi za bei rahisi wanakitegemea kimyakimya, nacho ni ukinzani wa ndani wa betri yenyewe. Fikiria kibuyu chenye shingo nyembamba. Hata kikijaa vipi, maji yanatoka kwa kiasi cha shingo. Betri hizi za mviringo zimetengenezwa kwa saa na rimoti, vitu vinavyokunywa umeme tone kwa tone, hivyo shingo yake ni finyu. Fundi mwingine angeweka rezista ya kupunguza umeme, mtengenezaji wa tochi hii ameokoa gharama ya rezista na kuiachia betri kazi hiyo.

Matokeo yake ni hayo uliyoyaona. Betri ikiwa mpya, LED inapata zaidi ya mili-ampea 20 ambazo ndizo LED ndogo za aina hii hupangiwa. Inang'aa mno, na wakati huohuo inajichosha. Kadiri betri inavyotumika, shingo ya kibuyu inazidi kubana, umeme unapungua, mwanga unashuka haraka. Kisha ukifika chini unashuka polepole sana. Betri uliyoiona "imekufa" baada ya wiki mbili, nina hakika bado inakuonyesha tundu la kitasa gizani. Umekuwa ukiilinganisha na siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu wa kijiweni hawatakubali kirahisi. Ile 2032 moja uliyopewa kwa bahati mbaya ndiyo marekebisho bora zaidi unayoweza kuifanyia tochi ile, na hukuhitaji hata pasi ya kuchomelea. Volti 3 ziko palepale ukingoni mwa kile LED nyeupe inachotaka, hivyo inakunywa mili-ampea chache tu. Betri ya 2032 ina ujazo wa kama mili-ampea 220 kwa saa, ile 2016 ina kama 90, na zikipangwa mbili kwa kufuatana ujazo unabaki uleule 90, kinachoongezeka ni volti peke yake. Kwa mwanga hafifu namna hiyo unapata makumi ya saa. Na jicho la binadamu halihesabu kama mita. Ukipunguza mwanga ukawa robo, jicho halioni robo, linaona "umepungua kidogo". Jaribu hivi leo: zima taa zote nyumbani, kaa gizani dakika kumi, kisha washa tochi ile ukiwa umeshika kitasa. Mezani mchana ilionekana haina kazi. Gizani, sentimita 20 kutoka kwenye tundu, utaona mpaka mikwaruzo ya ufunguo.

Ila sitakudanganya. Kwa mnyororo wa pikipiki barabarani, au kutafuta nati iliyoanguka kwenye mchanga, haitoshi.

Habari ya betri ya kitochi. Hapo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu jamaa yako anasema kitu chenye nusu ya ukweli. Ni kweli ina chaji nyingi. Tatizo ni kwamba ile ni betri ya lithiamu ya kuchaji, ikijaa inafika volti 4.2, na shingo yake si ya kibuyu, ni mdomo wa pipa. Ukiiunganisha moja kwa moja na LED hiyo, hakuna wa kuizuia. LED itang'aa sana, itageuka rangi kuelekea bluu, na itaungua, pengine usiku huohuo. Ukitaka kufanya kwa usahihi unaweka rezista kwenye waya mmoja. Hesabu yake ni nyepesi: volti 4.2 toa 3.1 za LED inabaki 1.1, gawa kwa ampea 0.02 unapata 55, na dukani utaomba rezista ya omu 56.

Lakini hata ukiweka rezista, umebakiwa na betri pana kama kiberiti ambayo haiingii kwenye tochi ya funguo, na yenye vidole vya shaba vilivyo wazi, ndani ya mfuko wenye funguo na sarafu. Ufunguo mmoja ukilala juu ya vidole hivyo viwili, betri inatoa umeme wake wote kwa mkupuo. Inapata moto mkali ikiwa pajani mwako, nawe uko juu ya pikipiki yenye tangi la petroli. Na kitochi chako kilikufa kwa nini? Kama betri yake imevimba hata kidogo, ukiilaza mezani ikizunguka kama pia, hiyo haifai kwa kazi yoyote. Usiitoboe, usiichaji, itoe nje ya nyumba.

Mambo mawili mengine yanayofanywa kijiweni na ambayo sitaki uyajaribu. Usichomee waya kwa risasi juu ya betri ya mviringo yenyewe, joto la pasi linaweza kuipasua usoni mwako. Na usijaribu kuichaji ile 2032 ya kawaida. Zipo za kuchaji zinazofanana nayo umbo, zimeandikwa herufi LIR badala ya CR, lakini volti zake ni za juu zaidi, ujazo wake ni mdogo sana, na zinataka chaja yake.

LED nyekundu nayo ina hoja. Inatosheka na volti 2, kwa hiyo betri iliyochoka kiasi cha kushindwa kuwasha nyeupe bado itaiwasha nyekundu kwa muda mrefu. Faida ya pili ni ya macho. Jicho linachukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe mkali unaharibu mazoea hayo kwa sekunde moja. Mwekundu hafifu hauharibu sana, kwa kuwa sehemu ya jicho inayoona gizani haiushughulikii. Mvuvi anayetoka Msangamkuu usiku, anayetaka kuona fundo la kamba kisha arudishe macho baharini, huyo ningemwekea nyekundu bila kusita.

Wewe hapana, kwa sababu ya chenji. Chukua noti ya elfu kumi na ya elfu mbili, zitazame chini ya taa nyekundu. Wekundu wa elfu kumi unayeyuka kwenye karatasi, hudhurungi ya elfu mbili inafifia vilevile, nawe umebaki na kusoma tarakimu na kupima ukubwa kwa vidole huku abiria ana haraka. Dereva wa boda anaijua noti kwa rangi kabla hajaisoma. Kaa na nyeupe.

Kwa kazi yako ya usiku, pesa ya kununua vijibetri kila mara ningeiweka kwenye tochi ya funguo inayotumia betri moja ya rimoti, ile ya AAA. Ni ndefu kama kidole na inaning'inia palepale kwenye funguo. Betri moja ya volti 1.5 haiwezi kuwasha LED nyeupe peke yake, kwa hiyo ndani kuna sakiti ndogo ya kupandisha volti, na sakiti hiyo ndiyo inayofanya mwanga usishuke ovyo. Kwa nishati, betri moja ya alkalini ya aina hiyo inabeba karibu mara tatu ya zile 2016 zako mbili, na inapatikana duka lolote kuanzia Mikindani hadi Newala. Chagua yenye mwanga wa hatua mbili au tatu, na yenye kifuniko cha kuzungusha kwa nyuzi. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, kuondoa betri za mviringo mfukoni ni faida inayozidi mwanga wenyewe.

Zipo pia ndogo za kuchaji kwa waya wa simu. Ni nzuri kwa mwenye umeme wa uhakika nyumbani, na mwanga wake ni mkali. Kasoro yake ni kwamba betri ya ndani haibadilishwi, na ukiiacha ikiwa imechomekwa kwenye pikipiki juani kutwa nzima, joto linaizeesha mapema. Ukichukua hiyo, chaji ikiwa karibu nawe na uitoe ikijaa.

Mtu atauliza kwa nini usitumie taa ya simu tu. Tumia, inaangaza kuliko hizi zote. Lakini simu yako ndiyo inayokuitia abiria, na saa saba usiku ikizima umepoteza vyote viwili.

Neno moja la huku kwetu pwani, maana nusu ya tochi ninazoletewa hazina ugonjwa wa betri kabisa. Chumvi ya hewa ya bahari inaweka ukungu wa kijani kwenye vibati vya ndani, na umeme unashindwa kupita. Ndugu zetu wa Tandahimba na Newala wana adui mwingine: wakati wa kupuliza mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga, vumbi lile linaingia kila mahali na kuifanya shaba iwe nyeusi. Dawa ni ileile. Toa betri, sugua vibati na uso wa betri kwa raba ya kufutia penseli mpaka ing'ae, pangusa kwa spiriti kwa kutumia kijiti cha pamba, acha ikauke. Kama betri ya rimoti imetapika unga mweupe, matone machache ya ndimu yanaumaliza, kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi na spiriti ya mwisho. Usishike betri safi kwa vidole viwili juu na chini, jasho la mikono linaacha njia ya umeme kuvuja. Shika ukingoni.

Ukisafisha na bado haiwaki, au inawaka ukiiminya tu, niletee, au ipeleke kwa fundi mwenye mita aipime mbele yako. Betri ya 2032 mpya isome zaidi ya volti 3. Ikiwa inasoma hivyo lakini inaanguka mara tu taa inapowashwa, hapo ndipo unaweza kusema ni feki au imekaa dukani miaka. Kazi yoyote ya kugusa betri ya lithiamu ya simu mwachie yeye pia. Njoo na betri zote za zamani ulizobakiza, kila moja ikiwa imefungwa solatepu pande zote mbili ili zisigusane, ndani ya kopo lenye kifuniko. Kabla hujatoka nyumbani zihesabu: mbili nyembamba na moja nene. Ikipungua moja, usije kwangu. Mchukue mtoto nenda Ligula.